4G inawaka, mtandao umejaa, lakini intaneti haitembei: kijiji kifanyeje?

"Mtaalamu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha watu 34 wenye asili ya kusini mwa Kigamboni, mbele ya Kimbiji, ila wengi wetu tunaishi Mbagala na Temeke. Kwetu kuna shule ya msingi, sekondari ya kata, zahanati na maduka kama kumi. Mnara wa simu uko kama kilomita tano na simu zinaonyesha 4G, mtandao umejaa, lakini ikifika saa mbili usiku hata picha ya WhatsApp haifunguki. Walimu nao wanalalamika kwamba kutuma taarifa za shule ni shida. Tumechanga milioni tisa. Fundi mmoja wa Kariakoo anatuuzia busta ya laki nane, anasema tatizo litaisha siku hiyo hiyo. Mwingine anataka tuagize dishi la setilaiti kutoka nje ya nchi. Mzee mmoja kikundini anasema mkongo wa taifa umepita barabarani, tuombe watukatie kipande. Nani yuko sahihi, na tuanzie wapi?"

Marahaba, na hongereni kwa mchango. Kwa anayesoma hapa akiwa kwenye foleni ya pantoni, jibu fupi ni hili: busta msinunue, dishi la kuagiza kinyemela msiliguse, na mkongo haukatwi kama mzee wetu anavyodhani, ingawa kati ya washauri wenu watatu yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Wote watatu wamewapa dawa bila kupima. Milioni tisa ni fedha ya kutosha kuanza vizuri, na pia ni fedha inayoweza kuisha kwa wiki moja bila mtoto mmoja wa shule kunufaika.

Tuanze na hivyo vimstari vya mtandao. Vinapima kitu kimoja tu, nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Havisemi mnara unahudumia watu wangapi saa hiyo, wala njia inayotoa data mnarani kwenda mjini ina uwezo gani. Mnara wa kawaida una pande tatu, na kila upande una antena zake. Upande mmoja ukiwa na chaneli ya 4G ya MHz 10, kasi yake ya juu kinadharia ni kama Mbps 75 (megabiti kwa sekunde). Watumiaji wakishatawanyika vijijini, wastani halisi hushuka hadi Mbps 15 au 20, na hizo wanagawana watu wote wa upande huo. Watu kumi na watano wakifungua video kwa wakati mmoja, zimekwisha.

Kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Mnara hauwagawii watu kasi, unawagawia muda. Simu iliyo karibu, yenye mawimbi safi, inaweza kubebeshwa biti sita katika kila alama inayorushwa. Simu iliyo mbali, ndani ya nyumba ya bati, hubebeshwa biti mbili tu. Picha ni ileile, lakini huyu wa mbali anaipakua kwa muda mara tatu, na muda huo unakatwa kwenye fungu la wote. Ndiyo maana mtaa mmoja wa pembezoni unaweza kuulemea mnara ambao kwa idadi ya watu ungetosha.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, pimeni. Pakueni kwenye simu ya Android programu yoyote ya bure inayoonyesha vipimo vya mtandao, mtafute namba mbili: RSRP na SINR. Ya kwanza ni nguvu ya mawimbi na huandikwa kwa hasi. Ikiwa -80 dBm ni nzuri sana, -100 inavumilika, na ikishuka chini ya -110 mko pembezoni kabisa. Ya pili ni usafi wa mawimbi ukilinganisha na kelele: ikizidi 13 ni nzuri, ikikaribia 0 ni mbaya. Halafu pimeni kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha na ucheleweshaji, yaani muda ambao data huchukua kwenda na kurudi. Fanyeni hivyo sehemu tatu, yaani shuleni, zahanati na madukani, na mara tatu kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Endeleeni siku saba, Jumapili ikiwemo, kwa laini za kampuni zote zinazoshika huko. Andikeni kila kitu kwenye daftari moja pamoja na tarehe, saa na mahali. Kijana mmoja wa kidato cha tatu anaiweza kazi hii, na daftari hilo litawasaidia kuliko fundi yeyote.

Mkishamaliza, daftari litasema lenyewe. Kasi ikiwa Mbps 20 alfajiri na 1 usiku, huku RSRP haijabadilika, tatizo ni msongamano. Ikiwa mwendo ni wa kusuasua saa zote na RSRP iko -112, tatizo ni mawimbi, na hapo antena ya nje itasaidia sana. Mawimbi yakiwa mazuri na safi lakini hata alfajiri kasi haipandi zaidi ya Mbps 2 au 3, njia inayoulisha mnara ndiyo nyembamba, na hilo ni la kampuni ya simu peke yake kulitatua. Kwa maelezo yenu, dalili zinaelekea kwenye msongamano.

Hapo ndipo busta inapoanguka. Busta hupokea mawimbi ya mnara, huyakuza na kuyarusha ndani. Uwezo wa mnara unabaki uleule. Kupanua barabara ya kwenda kivukoni hakuongezi pantoni. Tena hukuza na kelele pamoja na mawimbi, na antena yake ya nje ikiwa karibu na ya ndani, kifaa huanza kujisikia chenyewe na kupiga kelele inayoharibu mtandao wa eneo zima, mnara wenyewe ukiwemo. Kuitumia bila idhini ya kampuni ya simu na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kunaweza kuwaingiza matatani. Laki nane hiyo ina kazi nyingine.

Kuhusu dishi, tofautisheni aina mbili za setilaiti. Zile za zamani zimesimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mawimbi kwenda na kurudi huchukua kama milisekunde 600. Unaweza kusoma barua pepe, lakini kikao cha video ni mateso. Setilaiti mpya za chini huruka kwenye kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji wake kwa kawaida ni milisekunde 25 hadi 60, sawa na 4G nzuri. Kitaalamu ni suluhisho la kweli, hasa kwa visiwa na vijiji visivyoona mnara wowote. Ila huduma hutolewa kwa leseni ya kila nchi. Dishi lililosajiliwa nchi nyingine likaingizwa kimyakimya linaweza kuzimwa na kampuni yenyewe wakati wowote, na kuwauzia watu wengine huduma hiyo ni kosa juu ya kosa. Mkiona tangazo la setilaiti, ulizeni TCRA kama kampuni hiyo ina leseni ya kuhudumia Tanzania siku mnayonunua. Jibu likiwa ndiyo, ingizeni kwenye hesabu na umeme wake, kwa sababu dishi la aina hiyo hula wati 50 hadi 75 muda wote.

Sasa kwa mzee wetu wa mkongo. Yuko sahihi kwamba utajiri uko karibu. Dar es Salaam ndiko kebo za chini ya bahari zinakotua: SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine zimefuata. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unaibeba data hiyo kwenda mikoani. Kinachokosekana kwenu ni kilomita za mwisho. Lakini kebo iliyofukiwa kandokando ya barabara haitobolewi popote kama bomba la maji. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazobeba mwanga kutoka kituo hadi kituo, na huduma hutolewa kwenye vituo hivyo, palipo na mitambo, umeme na ulinzi. Kukata katikati ni kuwazimia watu wa wilaya nzima. Swali sahihi la kuwauliza TTCL na kampuni nyingine za faiba ni hili: kituo chenu cha karibu kinachoweza kutoa huduma kiko wapi, na kimebakiwa na nafasi?

Tuseme kiko kilomita tisa kutoka shuleni. Faiba moja kwa moja mpaka kijijini ingekuwa bora kuliko vyote. Kwenye mfumo wa GPON wanaotumia majumbani, mwanga una akiba ya desibeli 28 hivi, yaani kiasi unachoweza kupoteza njiani na bado ukasomeka. Kilomita tisa zinakula kama 3, kigawanyio cha nyumba 32 kinakula 17 na nusu, maungio na vichomeko vinakula 2 na nusu. Jumla 23, inabaki 5. Kwa hiyo fizikia inaruhusu. Kinachokataa ni nguzo: ukiziweka kila baada ya mita 50, kilomita tisa zinataka nguzo 180. Labda kampuni ikubaliane na TANESCO kutumia nguzo za umeme zilizopo, au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waruhusu kuchimba kwenye hifadhi ya barabara. Hayo ni mazungumzo ya kampuni yenye leseni, na milioni tisa haiyafikii. Ombeni, wekeni kwenye maandishi, lakini msisubiri.

Kinachowezekana kwa fedha yenu ni kiungo cha redio. Kampuni yenye leseni inaweka dishi dogo kwenye kituo chake, ninyi mnaweka lingine kijijini, yanatazamana. Vifaa vya GHz 5 kwa kilomita tisa, chaneli ya MHz 40, vinabeba Mbps 100 hadi 150 bila shida kama njia iko wazi. Mvua ya masika haiviathiri sana. Msidanganywe na vifaa vya GHz 60 kwa umbali huu: hewa yenyewe huyameza mawimbi hayo, kama desibeli 15 kwa kila kilomita, kabla hata mvua haijanyesha.

Maneno "njia iko wazi" ndiyo yanayowaumiza wengi. Fundi anapanda juu ya paa, anaona mnara kwa mbali, anasema kazi imekwisha. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanajaza umbo refu lililovimba katikati, na angalau asilimia 60 ya uvimbe huo lazima iwe wazi. Kwa kilomita tisa na masafa ya GHz 5.8, hiyo ni mita 6 na nusu chini ya mstari wa macho, pale katikati ya njia. Ongezeni mita 1.2 za mzingo wa dunia. Jumla karibu mita 8. Sasa wekeni minazi ya mita 20, ambayo huko kwenu ni ya kawaida. Mstari lazima upite mita 28 juu ya ardhi. Ukipita kwenye makuti, kiungo kitafanya kazi siku ya majaribio, kisha kitakuwa kinakatika upepo wa kusi ukivuma au makuti yakilowa. Na miti inakua. Acheni mita mbili tatu za ziada, maana mwembe mchanga wa leo utawasumbua baada ya miaka michache.

Ndiyo maana kabla ya kununua mlingoti tazameni kilichopo: mnara wa tenki la maji, jengo la ghorofa la sekondari, kilima. Kila mita mnayoipata bure inapunguza chuma. Mkilazimika kusimamisha mlingoti wa mita 30, ni vipande kumi vya mita tatu vya chuma cha pembetatu, vilivyofungwa kwa waya za kukaza pande tatu na katika ngazi tatu, na nanga za zege umbali wa mita 15 hadi 24 kutoka kwenye shina. Udongo wenu ni wa mchanga, kwa hiyo zege za nanga ziwe kubwa kuliko zile za udongo wa mfinyanzi. Na kwa kuwa mko pwani, chuma kiwe kimechovywa kwenye zinki ya moto, bolti na vibano viwe vya chuma kisichoshika kutu. Rangi ya kupaka peke yake haitaushinda upepo wa chumvi. Kwa urefu huo halmashauri ya manispaa lazima ijue, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iulizwe.

Kinachoua mitambo midogo mara nyingi ni maji na radi. Tazameni kichomeko kimoja cha kebo nje. Kebo ikishuka moja kwa moja kutoka juu na kuingia kwenye kifaa, tone la mvua linaifuata mpaka ndani, shaba inageuka kijani, kasi inashuka taratibu kutoka Mbps 100 hadi 10 na hakuna anayeelewa kwa nini. Dawa ni kuipinda kebo kwanza chini ya kifaa ili maji yadondokee pale kwenye pindo, kisha ipande kuingia kwa chini, na kichomeko kizungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha. Kebo iwe ya nje, nyeusi, yenye kinga ya chuma ndani, na isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi swichi. Kwa radi, pigilieni fimbo za erthi za shaba, kila moja mita 1.5 hadi 2.4, zipishane mita tatu hivi. Kwenye mchanga fimbo moja haitoshi, ongezeni mpaka kipimo kishuke chini ya omu 10. Erthi ya mlingoti na ile ya umeme wa jengo ziunganishwe. Zikiachwa mbalimbali, radi itatafuta njia ya kuziunganisha kupitia rauta yenu. Visanduku vya nje vizibwe matundu, kwa sababu sisimizi na mijusi wanapenda joto la mitambo.

Umeme upigiwe hesabu. Redio ya kiungo wati 8, rauta 7, swichi 5, vifaa viwili vya Wi-Fi 16: jumla wati 36, yaani saa-wati 864 kwa siku. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah (ampea-saa) 200 itawavusha zaidi ya siku mbili bila jua. Ya asidi ya ukubwa huohuo itawavusha siku moja na kidogo, maana haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Paneli mbili za wati 200 zinatosha. Kama TANESCO ipo shuleni, itumieni kuchaji, na betri ibaki kuwa akiba. Epukeni inveta, kwa kuwa vifaa hivi vyote hutumia umeme wa DC. Kuupandisha hadi volti 230 kisha kuushusha tena ni kupoteza moto bure na kuongeza kifaa cha kuharibika. Betri ifungiwe kwenye sanduku la chuma ndani ya jengo lenye mlinzi.

Ndani ya kijiji, msitarajie Wi-Fi moja ifike kila nyumba. Mtu ataweka kifaa chenye nguvu juu ya mlingoti, simu itaonyesha Wi-Fi imejaa, na bado haitafungua kitu, kwa sababu simu yenyewe ina sauti ndogo, na jibu lake halifiki mlingotini. Hesabuni mita 100 za uhakika kwa kifaa cha nje. Kwa hiyo weka kimoja shuleni, kimoja kati ya zahanati na maduka, na vingine vifuate watu wakilipa.

Kasi gani mnunue? Chukueni kaya 60. Saa ya pilika theluthi moja huwa hewani, yaani 20. Kila mmoja mpeni Mbps 2, inayotosha video ya kawaida na simu ya video. Hiyo ni Mbps 40, nunueni 50. Kisha kwenye rauta wekeni kikomo cha jumla kwa asilimia 90 ya kasi mnayolipia, washeni mgao wa foleni unaoitwa CAKE au fq_codel kwenye mipangilio yake, na kila kifaa kisizidi Mbps 3. Bila mgao huo, simu moja inayohifadhi picha zake mtandaoni au kompyuta moja inayojisasisha itawakalisha wote. Mchana shule na zahanati zipewe kipaumbele.

Hapa nisimame kidogo kwenye shule, maana inaweza kuwa rahisi kuliko mnavyofikiri. Shule inafanya kazi mchana. Daftari lenu likionyesha saa nne asubuhi mnara una nafasi, basi walimu hawahitaji kusubiri kiungo cha kilomita tisa. Wekeni rauta ya 4G ya nje, ile ambayo antena iko ndani ya kisanduku chenyewe na kebo ya mtandao ndiyo inayoshuka, juu ya nguzo ya mita sita kutoka kwenye paa. Msiinunue ile ya rauta ndani na antena juu iliyounganishwa kwa kebo nyembamba ya mita kumi, kwa sababu katika masafa ya MHz 1800 kebo hiyo hula desibeli tano au zaidi, yaani theluthi mbili ya mawimbi yote mliyoyatafuta. Izungusheni nyuzi kumi kila mara, msubiri nusu dakika, mtazame SINR. Acheni pale inapokuwa juu kabisa, hata kama RSRP ni bora kidogo upande mwingine. Hili ningelifanya kwanza, mwezi huu, kwa sehemu ndogo ya fedha yenu.

Sheria isisahaulike. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka anayeuza huduma ya mtandao kwa umma awe na leseni ya TCRA. Kutumia wenyewe shuleni ni jambo moja, kuuza vocha kwa kijiji ni jingine. Njia nyepesi kwa kikundi ni kushirikiana na kampuni yenye leseni: yenyewe inatoa huduma na leseni, ninyi mnatoa mlingoti, umeme na mtu wa kuangalia, na makubaliano yaandikwe. Vifaa viwe vimeidhinishwa na TCRA, na nguvu ya kurusha isizidi kiwango chao. Mkikusanya majina na namba za simu za wanaonunua vocha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu pia, kwa hiyo msikusanye msichokihitaji. Mitandao ya intaneti inayojengwa na wanajamii wenyewe si ndoto hapa nchini: Kondoa, mkoani Dodoma, waliujenga wao kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dodoma, na inafaa kikundi chenu kuwatafuta wawaeleze walivyoshughulikia vibali na michango.

Fedha ya vifaa ndiyo inayochangiwa kwa shangwe, fedha ya kila mwezi ndiyo inayoua miradi. Tuseme, kwa mfano tu, laini inagharimu laki nne, mwangalizi laki moja, na akiba ya vipuri laki moja. Laki sita kila mwezi. Kaya 60 zikitoa elfu kumi kumi zinatosha sawasawa, ila msipige hesabu kwa kaya 60. Pigeni kwa 40, maana msimu wa korosho haujafika kuna watakaokosa. Pengo hilo la laki mbili mlifunge kabla: shule ilipe kiasi, maduka yalipe zaidi. Katika ile milioni tisa, tengeni gharama ya miezi sita isiyoguswa. Kinachobaki ndicho cha kununulia vifaa. Kisipotosha mlingoti, anzeni na rauta ya shule mkaendelea kuchanga.

Sambamba na hayo, msiiachie kampuni ya simu mzigo wake. Pelekeni nakala ya daftari huduma kwa wateja, mpewe namba ya malalamiko. Wasipowajibu, peleka TCRA na namba hiyo mkononi. Barua nyingine iende Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kupitia mtendaji wa kata na ofisi ya mkurugenzi wa manispaa. Mfuko huu huzipa kampuni ruzuku zijenge mahali ambapo biashara peke yake haiwavuti. Mei 2023 ulitia saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Orodha hufanywa kwa kata, kwa hiyo taja kata yenu na vitongoji visivyoshika, na ambatisheni vipimo. Lalamiko lenye saa, tarehe na namba hupata mtu wa kulishughulikia haraka kuliko lile la "mtandao mbovu".

Yapo ambayo hayafanyiki kwa kusoma. Kupanda mlingoti ni kwa fundi mwenye mkanda wa usalama na mafunzo; msimpandishe kijana wa kijijini kwa sababu anapanda minazi vizuri. Upimaji wa njia, usimamishaji wa mlingoti, erthi na uunganishaji wa TANESCO vinataka mtu aje, aone, apime. Atakayewapa bei bila kufika hajajua atakumbana na miti gani.

Mkataba wake uwe na namba: kiungo kisipungue nguvu ya -65 dBm pande zote mbili, Mbps 80 kushusha na kupandisha zikipimwa saa mbili usiku kwa siku tatu mfululizo, erthi chini ya omu 10 mbele ya mashahidi. Lipeni kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke baada ya siku 30 za kazi. Kabla hajaondoka, awakabidhi nywila zote, nakala ya mipangilio ya rauta kwenye flashi, picha za kila kiungio juu ya mlingoti, redio moja ya akiba, na amfundishe mwangalizi kuiwasha upya na kuirudishia mipangilio mbele yenu, tangu mwanzo hadi mwisho, yeye fundi akiwa amekunja mikono.